Aliyemsifu Nyamizi

Naanza na upumbavu wangu, maana usipoujua huo, yaliyofuata utadhani nimeyabuni. Mama alinituma Bukene nikamchunguze mtu, nami sikwenda. Nilishinda hapa hapa Tabora nikitazama mpira. Mengine yote yametokea kweli, na mwenye shaka aje kwetu Gongoni nimwoneshe huyo mtu niliyetumwa kumchunguza. Yupo. Sasa hivi anapepeta mchele uani.

Sikiliza basi. Bibi yangu, mzazi wa mama, alipooza upande mmoja. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, baba yuko kwenye reli huko Kigoma, na mimi niko kidato cha pili na si mtu wa kuachiwa mgonjwa. Hata mimi mwenyewe nisingejiachia. Tukamwajiri msichana mmoja mwenye maneno matamu kama halua. Tukitoka asubuhi, anamfungia bibi chumbani na kwenda zake kutembea. Mama alikuja kujua siku alipomgeuza bibi akakuta vidonda mgongoni. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia, wala sitaki kumwona tena.

Mjomba wetu wa kijijini Choma akasema atamchukua bibi akakae kwake, kwenye ng'ombe. Bibi, ambaye ulimi wake haukupooza hata kidogo, akamjibu: "Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu toka hapa mpaka pwani. Leo mimi ndiye nimekuwa mzigo, nikashushwe zizini? Sitaki kufa natazamwa na ndama!" Tulicheka wote. Lakini baadaye nilimsikia akimbembeleza mama kwa sauti ndogo asimpeleke. Mjomba naye hakulegea: akija kuuza pamba, akute mtu wa kuaminika nyumbani, la sivyo anaondoka na bibi.

Akapatikana Nyamizi, mama wa makamo, mgeni mtaani kwetu. Safari hii mama hakutaka kudanganywa. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kumuulizia. Balozi akakohoa kwanza, kama yuko jukwaani.

"Ndugu mwalimu, huyu mama ni safi kabisa. Mikutano anahudhuria, na ada ya chama analipa."

"Na kumgeuza mgonjwa je, balozi?"

"Hilo, mwalimu, si la chama."

Ndipo mama akaniambia niende Bukene, Nyamizi alikotoka. "Na usiniletee maneno ya majirani," akasema. "Jirani anaweza kumsifu mtu ili amwondokee. Mtafute aliyewahi kuuguzwa naye. Aliyelala kitandani ndiye anayeijua mikono ya mtu."

Niliondoka asubuhi kama mtu mwenye akili. Njiani nikasikia shule yetu inacheza na wale majirani zetu wenye kujisikia. Wewe ungekwenda Bukene? Kisha likanijia wazo, na mawazo yangu ndiyo maadui zangu wakubwa: kwa nini niifuate Bukene, wakati Bukene yenyewe inakuja jioni na treni ya Mwanza? Nitasimama stesheni, nitamkamata abiria yeyote wa huko, nitamuuliza, nitarudi nyumbani shujaa. Tulifungwa mabao matatu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nilipofika stesheni, magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa na giza linaingia. Treni ilikuwa bado. Mwisho kabisa wa jukwaa, kwenye benchi, alikaa bibi mmoja peke yake, amejitanda shuka jeupe jipya. Kichwani alifungwa kitambaa chekundu, kimepita chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini, kama wanavyofunga watu wanaoumwa jino.

"Shikamoo, bibi. Pole na jino."

Shikamoo hakuiitikia. La jino alilicheka, kicheko cha puani, maana kinywa hakikufunguka sana. Nikauliza ametokea wapi. Akasema Bukene. Nikamshukuru Mungu kwa kuwarahisishia kazi wavivu, nikaketi. Alinukia kafuri. Nikajiambia ni shuka hilo, limekaa sandukuni. Niamini, mtu akiwa na shida yake, pua haisikilizwi.

"Unamjua Nyamizi, bibi? Yule anayeuguza watu?"

Akanigeukia mwili mzima, si shingo tu. "Mimi nisimjue Nyamizi? Miaka miwili ameniuguza mimi."

Ningetafuta Bukene nzima nisingepata bahati hiyo! Nikamwuliza maswali yote ya mama. Anamgeuzaje mgonjwa?

"Anakuambia kwanza, ndipo anakushika. 'Bibi, nakugeuza sasa.' Hakunyakui kama gunia. Na mikono yake ina joto, hata masika."

"Kasoro zake?"

"Uji wake mzito. Na anaimba vibaya, lakini ukimkatalia kuimba ananuna."

"Aliwahi kukasirika?"

"Mara moja. Wanangu waligombea kitanda changu, nami bado nimekilalia. Aliwatoa na ufagio." Akacheka tena kwa puani, mabega yakatikisika.

"Sasa mbona mlimwachisha?"

"Nani amwachishe? Mimi ndiye niliyeondoka." Akagusa kile kitambaa kidevuni. "Mwambie hiki hakikunibana. Usisahau, kijana. Mwambie hakikunibana hata kidogo."

Nikaahidi. Nikamwambia kwaheri, nikamwacha pale pale, nikakimbia. Hakuyeyuka, hakupaa, miguu yake ilikuwa miguu ya kibinadamu ndani ya ndala za bluu. Watu wakinisimulia mizimu yao yenye kwato huwa nawaonea huruma.

Nyumbani nikamkuta Nyamizi mwenyewe barazani. Mama alikuwa amemwita aje asubiri majibu yangu, naye alikuwa amekaa na kibakuli cha uji, anamlisha bibi kijiko kimoja kimoja. Nikasimama katikati kama mtangazaji wa redio. Nikayamwaga yote: mikono yenye joto, wimbo mbaya, kitanda na ufagio. Bibi alikuwa anacheka. Mama uso wake ulikuwa unafunguka kidogo kidogo, kama dirisha lililokwama.

Nyamizi hakucheka. Aliweka kibakuli chini.

"Hayo nani kakuambia, mwanangu?"

"Bibi mwenyewe uliyemuuguza. Tena kanipa salamu zako. Kasema kitambaa chako chekundu hakikumbana."

Aliinuka, akakaa tena. Akatazama mikono yake. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba mgonjwa wake alikata roho alfajiri, wanawe hawapo. Yeye peke yake ndiye aliyemfumba macho. Akachana kanga yake nyekundu akamfunga kidevu, kinywa kisiachame, kama inavyotakiwa. "Mikono ilikuwa inatetemeka, nikakaza mno," akasema. "Tangu tulipomzika nalala najiuliza: nilimuumiza? Sijamwambia mtu jambo hilo. Hata Mungu nilimwambia kimoyomoyo."

Akajifunika uso kwa upande wa kanga, akalia. Lakini kilikuwa kilio cha mtu anayetua mzigo. Bibi yangu akanyoosha mkono wake mzima, akamshika goti. "Huyu asiondoke," bibi akamwambia mama.

Na mimi? Nilikaa kando ya mtu aliyezikwa, nikampa pole ya jino!

Na hapo hapo, kutoka stesheni, treni ya Mwanza ikapiga honi inaingia. Treni ambayo mimi nilipaswa kuwa ndani yake. Mama akageuza shingo polepole akanitazama.

Nyamizi amekaa nasi mpaka leo. Mjomba alikuja, akakuta vidonda vimeanza kufunga, akala uji mzito, akarudi Choma na mifuko yake mitupu. Bibi ananenepa na matusi yake yameongezeka. Nyimbo ni mbaya kweli kweli; tumezizoea. Mimi siku hizi nikimwamkia mzee jioni, nasubiri marahaba yangu nimesimama upande wa mlango. Asipoitika, siulizi lolote.

Nawe unayetafuta mtu wa kumuuguza mama yako, usiridhike na sifa za balozi wala maneno matamu. Muulize aliyelala kitandani. Lakini nenda mwenyewe, kwa miguu yako, mchana kweupe, na kabla ya kumpa mtu pole ya jino, mtazame vizuri.

Najua unachongoja: jioni ile mama alinifanya nini? Hakunipiga. Alisubiri mpaka honi ikanyamaza, akaokota kibakuli cha uji, akampa Nyamizi aendelee kumlisha bibi. Kisha akaniambia, neno kwa neno:

"Kesho unapanda treni. Ukifika Bukene, waulize watu wanaopumua."