Mawingu ya Bi Kishindo

Marehemu mke wangu alichora katuni kwenye meza ya jikoni, upande wa dirishani, na mimi niliandika maneno upande wa pili, karibu na jiko. Mpaka wetu ulikuwa mkebe wa penseli. Mkebe huo ulisogea kuja kwangu kila siku, hadi nikawa naandika huku kiwiko kimening'inia hewani kama bawa la kuku. Nikilalamika aliniambia, "Wewe una herufi tu. Mimi nina mji mzima hapa, niuweke wapi?"

Mji huo ulikuwa wa Bi Kishindo. Kwa asiyemjua, Bi Kishindo ni mshona nguo wa makamo, mnene kidogo, anayejifunga shuka la kitanda mgongoni na kuruka kutoka paa hadi paa. Akikanyaga chini, majambazi wanapepesuka. Ananyanyua lori kama mtu anayenyanyua kikapu. Mke wangu alimbuni siku aliyopandisha jiko la gesi peke yake hadi kwetu ghorofani, kwa kuwa mimi nilikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa tukijadili namna ya kuwasaidia wenye mizigo.

Kazi yangu mimi ni mabango. Nimeandika kuta za maduka, milango ya magari na ubao wa matangazo wa kanisa letu. Nilipomaliza sekondari mwalimu alinisifu kwa jambo moja tu, mwandiko, na nimeishi kwa sifa hiyo mpaka leo. Kwa hiyo mke wangu alipoanza kuchora, nilijua kuwa maneno ni yangu. Haikuwa hivyo kabisa.

Katuni ina maneno ya aina mbili. Mtu akisema, maneno yake hukaa ndani ya kiputo chenye mkia uliochongoka kuelekea mdomoni. Akiwaza, hukaa ndani ya wingu, na mahali pa mkia pana vipovu vidogo vinavyoshuka mpaka kichwani kwake, ili msomaji ajue ni nani anayewaza.

"Wewe andika wanayosema," mke wangu aliniambia tangu toleo la kwanza. "Wanayowaza nitaandika mwenyewe."

Nilikubali upesi, maana nilikuwa na mashaka na yale mawingu. Nilimweleza kwa upole wa mzee wa kanisa kwamba yaliyo moyoni mwa mtu anayajua Mungu peke yake, na si vizuri watu wengine wayapitie wakiwa wanasubiri zamu kwa kinyozi.

"Basi mshukuru Mungu," akasema. "Wewe hutayaandika."

Nikajiona nimeshinda hoja.

Utaratibu wetu ukawa huo. Alichora, nikaandika viputo kwa wino, nikamrudishia kurasa mawingu yakiwa meupe. Aliyajaza mimi nikiwa nimeshatoka na ngazi na makopo yangu ya rangi, kisha akapeleka kwa mhariri. Nakala ilipochapishwa ilikuja nyumbani, nami niliipanga kabatini kwa heshima bila kuisoma. Nisome cha nini? Kila neno lilikuwa limepita mkononi mwangu, au ndivyo nilivyoamini. Watu wakinisifia hadithi baada ya ibada, niliinamisha kichwa na kusema, "Tunajitahidi."

Ugonjwa haukutupa nafasi ya kupanga lolote. Toleo la mwisho alilichorea kitandani, ubao ukiwa magotini. Nilimsihi apumzike.

"Bi Kishindo ananing'inia kwenye nguzo ya umeme," akasema. "Nimwache hapo?"

Alimshusha. Mungu alipomchukua mke wangu, kurasa zote zilikuwa zimechorwa, na viputo vyote nilikuwa nimeviandika. Mawingu yalikuwa meupe, yote.

Kwenye mazishi walikuja watu wengi nisiowajua, wasomaji wake. Walinishika mkono kwa upole, baadhi yao wakitabasamu na kulia kwa wakati mmoja, jambo lililonishangaza. Mama mmoja aliyekuja na sare yake ya hospitali alinishika mikono yote miwili. "Pole sana, Bwana Soksi," akasema.

"Amina," nikajibu. Ndilo jibu langu nisipoelewa kitu.

Nilidhani amenifananisha. Wengine waliofuata wakasema hivyo hivyo, nikahitimisha kwamba kuna Bwana Soksi mahali fulani aliyefiwa siku hiyo hiyo, nikamwombea.

Baada ya majuma machache mhariri akaja nyumbani. Ni mtu mwema, mwenye haraka, anayekaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti ni cha moto.

"Mzee wangu, pole tena," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya toleo la mwisho. Yale mawingu nitayafuta."

"Uyafute kwa nini?"

"Yako matupu. Na kusema kweli, wachoraji wengi siku hizi wameyaacha, yanaonekana ya kizamani. Nikiyapaka wino mweupe, picha zitajieleza zenyewe."

"Mawingu yalikuwa yake," nikasema.

"Najua. Lakini siwezi kuchapisha shujaa mwenye wingu tupu juu ya kichwa. Watasema hana akili."

Nilitazama upande wa meza wa dirishani. Nguo zake tulikuwa tumeshazigawa. Viatu vilikuwa vimekwenda. Kama na mawingu yangekwenda, katika kitabu chake angebaki akisema kwa mwandiko wangu tu.

"Nitayajaza mimi," nikasema.

Mhariri alinitazama jinsi wateja wanavyonitazama nikipanda ngazi kwa umri wangu. "Wewe, mzee?"

"Nani mwingine anaijua hadithi hii?"

"Haya. Mpaka Ijumaa. Ijumaa nikikuta hayajakaa sawa, nayafuta."

Kesho yake nilisali, nikachonga penseli, nikakaa. Nilishangaa jinsi kazi ilivyokuwa rahisi. Palipokuwa na Bi Kishindo ananyanyua lori, niliandika: NALINYANYUA LORI HILI KWA NGUVU ZANGU ZOTE. Alipokuwa hewani kati ya mapaa mawili: NARUKA SASA. Alipokutana uso kwa uso na mkuu wa majambazi: NI WAJIBU WA KILA RAIA KUTUNZA AMANI. Kufikia mchana nilikuwa nimejaza karibu kitabu kizima, na nilianza kumwonea huruma marehemu aliyekuwa akitumia siku nzima kwa kazi ya namna hii.

Binti yetu alipita jioni akitoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Nilimpa kurasa, nikasimama pembeni nikisubiri sifa. Alisoma amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, hii 'naruka sasa' ni ya wasioiona picha?"

"Ni kwa ajili ya uwazi."

"Na hii ya wajibu wa kila raia, uliiandika wapi mara ya kwanza?"

"Ukuta wa kituo cha polisi."

"Nilijua. Iko juu ya 'hakuna kukojoa hapa'." Akaweka kurasa mezani. "Baba, umewahi kusoma mawingu ya mama?"

"Mimi naandika kitabu hiki tangu toleo la kwanza."

"Sikukuuliza hivyo."

Akaenda kabatini, akarudi amebeba rundo la nakala zangu zilizopangwa vizuri, ngumu bado kama zimetoka kiwandani jana. Akaniwekea mbele, akaanza kuosha vyombo vyangu. Nikavaa miwani.

Katika ukurasa wa kwanza nilioufungua, Bi Kishindo alikuwa amebeba gari la zimamoto mabegani. Kiputo nilikikumbuka, nilikiandika mimi: "Tokeni chini haraka." Juu yake lilikuwepo wingu, kwa mwandiko wa mke wangu unaolala kama nyasi kwenye upepo: "Nimeacha sufuria jikoni. Yule bwana atakaa pembeni yake akisali, mpaka iungue."

Nikafungua nakala nyingine. Bi Kishindo ameshika ukingo wa daraja kwa mkono mmoja, chini ni mto. "Soksi moja chini ya kiti. Nyingine juu ya friji. Ilifikaje juu ya friji?"

Kumbe Bi Kishindo alikuwa na mume. Katika nakala hizo hakuchorwa hata mara moja. Aliishi mawinguni tu, na kila shujaa alipokuwa hatarini, huko juu yeye alikuwa anatafuta miwani iliyo usoni pake, au anamsahihisha fundi bomba, au anaeleza watu unyenyekevu kwa muda mrefu. Nilicheka. Nilimwona ni bwana mjinga lakini mwenye moyo mzuri, na nilisoma nakala kadhaa nikimcheka hivyo kabla ya kujitazama miguuni.

"Yule mama wa hospitali," nikamwambia binti yangu.

"Ndiyo, Baba."

"Bwana Soksi ni mimi."

"Mji mzima unakujua, Baba."

"Nilimjibu amina."

Aliacha sahani ndani ya maji akaja kukaa, akacheka mpaka akalala juu ya meza, na kicheko kikageuka kilio bila kupita popote, nami nikamfuata njia hiyo hiyo.

Yalikuwepo mawingu yaliyonichoma. Jambazi anamwamuru Bi Kishindo ataje siri yake, kiputo kinasema "Kamwe", na wingu linasema: "Hata mume wangu haijui. Sikumficha. Hajauliza." Hilo nililisoma mara nyingi. Lakini ukurasa uliofuata, akiwa amefungwa minyororo gizani, aliwaza hivi: "Sasa hivi anaombea chakula. Anaomba mpaka kinapoa. Ila akifika kwenye jina langu sauti yake hubadilika, na hajui kuwa nasikia."

Nilichukua kifutio nikafuta kazi yangu yote, pamoja na wajibu wa kila raia.

Mara ya pili haikuwa rahisi. Mtu wa mabango amezoea kusema kile kile kilicho mbele yake: mlango, hatari, duka la viatu. Nilitakiwa niseme kilicho nyumbani wakati mikono imeshika lori. Tena nilitakiwa nijitazame kwa macho ya mke wangu, na kila nilipojaribu, Bwana Soksi alitokea mtanashati mno. Nilimwomba Mungu radhi kwa kuingia mahali pake pa kujua mioyo, nikamwahidi kuwa sitakaa sana. Siku ya Alhamisi, kwenye lori, nikaandika: "Kiwiko chake kinaning'inia tena. Nikirudi nitamsogezea mkebe. Kidogo." Binti yangu alisoma, akaniongezea chai. Mengine yakafuata polepole.

Ukabaki ukurasa wa mwisho. Bi Kishindo, vumbi tupu, shuka mkononi, anafungua mlango wa nyumba yake. Ndani, kwenye kiti, amelala mwanamume mwenye kitambi na upara, mdomo wazi, kitabu cha sala kifuani, soksi mguu mmoja tu. Nilipouona ukurasa huo mara ya kwanza, mke wangu akiwa hai, nilimwambia kuwa mtu huyo ni mzembe, mkewe anaokoa mji yeye anakoroma. Alinikubalia kabisa. Sasa nilikitambua kitambi. Juu ya chumba lilitanda wingu moja, kubwa kuliko yote kitabuni. Nikaandika: "Amelala tena na taa inawaka." Nikaona nimeshaukamata mtindo wake barabara.

"Baba," binti yangu akasema, "fuata vipovu."

Nilivifuata kwa kidole. Maisha yangu yote ya katuni nilitazama mikia ya viputo, sikuwahi kujishughulisha na vipovu. Vilitoka kwenye wingu, vikaipita taa, vikateremka kimoja baada ya kingine. Havikwenda mlangoni. Vilitua kwenye upara.

"Anayewaza ni wewe," akasema.

"Mimi nimelala."

"Ndivyo alivyokuchora. Umelala na unawaza."

Niliinuka nikaenda dirishani kidogo. Niliporudi niliandika shukrani kwa Mungu kwa ajili ya mke mwema, nikataja neema, nikataja safari ya maisha na subira ya watakatifu. Wingu lilijaa, maneno yakaanza kumwagikia kwenye pazia.

"Baba, huyu mtu yuko usingizini. Hawezi kuendesha ibada nzima."

Nikafuta. Nikapunguza, nikafuta tena, karatasi ikaanza kuota manyoya. Mwishowe nilichukua wino nikaandika kwa herufi zangu zilizosimama wima, bila kuuiga mwandiko wa mtu: "Mlango. Amerudi. Asante, Bwana."

Ijumaa nilivaa koti nikapeleka kurasa. Mhariri alikuwa na chupa ya wino mweupe mezani, ameshaifungua. Alisoma akiwa amesimama. Kwenye wingu la kiwiko alicheka, akavuta kiti, akakaa akaegemea kabisa, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Ukurasa wa mwisho aliusoma mara mbili. Kisha akatafuta kifuniko cha chupa, akaifunga.

"Sigusi hata wingu moja," akasema.

Nikashukuru. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. Alikuwa ameinamia picha ile, pua karibu na karatasi.

"Mzee wangu, soksi ya pili iko wapi? Wasomaji wataniuliza."

Nilirudi tukatafuta wote wawili, pembe kwa pembe. Mke wangu alikuwa amechora friji, kwa mbali, kupitia mlango wa jikoni. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Sijui," nikamwambia. "Bado naitafuta."

Ni kweli kabisa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimevaa ya kijivu na ya kahawia.