Kundi la Damu la Mtu Asiyepimwa

Saa nne asubuhi, kompyuta ya maabara iliniambia dada yangu ana damu ya kundi B.

Dada yangu ni O. Kadi yake ya tangu shule inasema hivyo, na nyumbani sote tunajua hivyo.

Na muda huo alikuwa wodini, ametoka kujifungua, damu haikatiki.

Mimi ni fundi kompyuta wa hospitali. Jana yake, Jumapili mchana, nilihamishia kumbukumbu zote za maabara kwenye seva mpya. Kulikuwa na karatasi ya ukaguzi, na mstari mmoja uliuliza hivi: draiva, yaani kile kiprogramu kinachoziunganisha kompyuta za maabara na seva, inaelewana na seva hii? Na laibrari zake, yaani mafaili inayoyategemea, je?

Nilifungua programu. Majina ya wagonjwa yakaja. Nikatia tiki, nikaenda zangu kula.

Sasa nilikuwa naitazama ile B.

Nikamkimbilia mkuu wa maabara, mama wa makamo tunayemwita Mama Darubini.

"Shikamoo mama. Dada yangu mmemtolea damu ya kundi gani?"

"Marahaba. B. Mbona una haraka hivyo?"

"Yeye ni O, mama! Mfumo unadanganya!"

Hakubishana nami. Alivuta daftari lake la mkono, akashuka nalo kwa kidole.

"Huyu hapa. Nimempima mwenyewe leo asubuhi, mara mbili. B. Hiyo kadi ndiyo iliyokosewa, mwanangu. Hebu tulia."

Nilishusha pumzi. Nusura nicheke.

Macho yakarudi kwenye skrini. Chini ya dada kulikuwa na mzazi mwingine, wa kitanda cha saba. Naye B.

"Na huyu wa saba umempima?"

"Bado. Sampuli yake ndiyo kwanza imefika."

"Mbona hapa ana B?"

Mama Darubini akavua miwani.

Jamani, hapo ndipo nikaelewa. Draiva yetu ya zamani, ikikuta nafasi tupu kwenye seva mpya, ilikuwa inaacha palepale jibu la mtu aliyetangulia. Haikuonyesha kosa lolote. Kila asiyepimwa alikuwa amebandikwa damu ya aliye juu yake.

"Damu ya kumwongezea imeshapanda wodini," Mama Darubini alisema. "Ilikuwa dharura, wanaotoa damu dirishani wamefuata mfumo. Kimbia! Mimi napiga simu."

Sikumbuki ngazi nilizipandaje. Simu ya wodi niliisikia ikilia, haina wa kuipokea. Nesi alikuwa ameshatundika mfuko, vidole vipo kwenye kigurudumu cha mrija.

"Usifungue!"

Nilipiga yowe mpaka vichanga vikaanza kulia wodi nzima. Nesi aliganda.

Baada ya muda majibu yakaja. Wa kitanda cha saba alikuwa O. Mama Darubini aliniambia mfuko ule ungeweza kumuua.

Nilizima mfumo, maabara ikarudi kwenye daftari. Kisha nikaenda kwa mganga mkuu nikamweleza kila kitu, hata ile tiki. Waraka wa seva niliusoma siku hiyohiyo. Ulitaja draiva zinazokubalika. Yetu haikuwemo. Na hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Jioni nilimsimulia dada, damu yake imeshakatika, mtoto kifuani. Nilitegemea anisifu kwa kukimbia.

Badala yake akauliza:

"Mdogo wangu, kama mimi nisingekuwa humu, ungeuliza?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo.

Ndugu unayefanya kazi kama yangu, programu kufunguka bado hakujakuambia kitu. Soma orodha, jaribu kila kitu, mpaka nafasi tupu. Na ufanye hivyo hata pale ambapo kwenye vitanda hakuna hata mmoja unayemjua.