Mguno wa Papa Siku ya Matokeo

Enzi zetu kule Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, mtu hakuhitaji kusema mengi ili aeleweke. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni kwa jiko, na ndani yake ulisikia kabla hujaona: ng'ombe wakilia polepole wakitaka kukamuliwa, chungu cha maharagi kikitokota tangu alfajiri, Mama akinung'unika kwamba kuni zimelowa. Tulikunywa maziwa ya moto, tukashika njia ya masomo miguu mitupu. Jioni tulikata mgomba, tukaukalia, tukateleza nao mlima mzima mpaka sketi zikatoboka nyuma. Nyinyi mnaocheza kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu, utamu wa kuchapwa kwa ajili ya sketi iliyotoboka hamtaujua kamwe.

Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa kuguna. Sisemi hakujua kuongea. Na ng'ombe wake aliongea vizuri kabisa. Ila na watu, aliguna. Mguno mfupi ulikuwa salamu. Mguno wa puani ulikuwa "leteni maji". Na ule mrefu, wa chini sana, uliotoka tumboni ukatikisa hata kikombe mkononi mwake, huo ulikuwa "ndiyo" yake, tena "ndiyo" ya furaha. Alipokataa jambo, alinyamaza tu. Wageni hawakuyajua hayo. Wengi walisikia ule mguno mrefu wakadhani mzee amekasirika, wakaaga haraka na chakula kiko karibu kuiva.

Mwaka wangu wa pili wa sekondari, Kingereza kikanishinda. Kifaransa tulikuwa tumekizoea, lakini hiki kingine kilikuja kama mgeni asiyebisha hodi. Buletini ya kwanza, ile karatasi ya alama za shule, ikarudi nyumbani na alama nyekundu. Papa akaishika, akaiangalia mbele na nyuma, na siku hiyo akaongea.

"Furaha, masomo iko ya kichwa. Kama kichwa inakataa, mikono iko. Ukianguka tena mwisho wa mwaka, utabakia hapa, tulime maharagi pamoja."

Mama akajaribu kunitetea. Papa akanyamaza, na sote tukajua maana yake. Usiku ule nililia chini ya blanketi, kwa sababu nilitaka kuwa mwalimu. Mbuzi wote wa jirani nilikuwa nimeshawafundisha kuhesabu.

Prof wetu, mwalimu wa Kingereza, alikuwa kijana aliyetoka upande wa Goma, viatu vyake vikipigana vita na tope letu kila siku. Siku moja akaandika ubaoni maneno yaliyofuatana kama ndugu: grunt, groan, growl, grumble, murmur. Akasema zote ni sauti za chini, za koo, za mtu au mnyama anayelalamika. Tukaangaliana. Waingereza wanalalamikia nini kiasi hicho, na wao hawalimi kwenye mteremko?

Jioni nikakaa karibu na moto, kichwa kimechoka. Mama akaanza juu ya kuni zake zilizolowa, nikawaza: grumble. Nje, ng'ombe mwenye mimba akajilaza kwa taabu: groan. Mbwa akamsikia mpita njia, akakunja pua: growl. Bibi alikuwa pembeni akisali rozari yake: murmur. Halafu Papa akaingia, akavua kofia, akatusalimia kwa namna yake: grunt. Jamani, maneno yote ya prof yalikuwa yanaishi kwetu! Tangu siku ile, kila neno jipya la Kingereza nililitafutia mtu wa kulibeba, au mnyama, au sufuria. Nilikuwa nikizunguka nyumba nikinong'ona mpaka Mama akaniuliza kama nina homa.

Ukafika mtihani wa mdomo. Prof akanipa grunt, akataka sentensi. Nikasema, "My father grunts when he is happy," yaani Papa huguna akifurahi. Darasa likaangua kicheko.

Prof akatikisa kichwa. "Furaha, mutu mwenye kufanya vile hana furaha. Analalamika."

"Prof, Papa yangu hayuko wa kitabu," nikamjibu. Nikamfanyia miguno ya Papa, mmoja baada ya mwingine, nikaeleza kila mmoja, nikamaliza na ule mrefu. Prof alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika kitu ambacho sikukiona.

Siku ya kutangaza matokeo, wazazi walijaa uwanjani. Prefe, mkuu wa shule yetu, akasoma majina, na langu likasomwa: nimepita, Kingereza kikiwemo. Mama akapiga vigelegele. Lakini prefe alikuwa amesikia kwamba Papa alitaka kunibakisha shambani, akamgeukia Papa mbele ya watu wote.

"Papa, mutoto amepita. Unakubali aendelee?"

Papa akasimama na kofia mkononi, akaguna. Ule mrefu.

Prefe akasikitika. Akashusha kalamu kwenye orodha ili alifute jina langu, na mimi sikuweza kufungua mdomo, maana mtoto wa enzi zetu hakumjibia baba yake mbele ya wakubwa. Ndipo prof akaruka kutoka benchi la walimu.

"Prefe, ngoja. Amekubali. Njo vile anasemaka ndiyo, tena ndiyo ya furaha."

Papa akamtazama kijana yule jinsi unavyomtazama mgeni aliyefika kwako bila kuuliza njia. Akaguna tena, kwa nguvu zaidi, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi.

Leo mimi ndiye mwalimu wa Kingereza, hapa Masisi. Nikiandika maneno yale ubaoni, wanafunzi wangu wanabonyeza simu, na simu inanguruma. Wanaijua sauti ya simba ambaye hajawahi kukanyaga milima yetu. Nikiwauliza baba zao wanatoa sauti gani wakifurahi, wanaitafuta tena kwenye simu. Nawahurumia. Kwetu, "ndiyo" ya mzazi haikuja na picha ya kidole gumba kwenye simu. Uliisikiliza miaka mingi ndipo ukaitambua. Yangu niliipata mbele ya kijiji kizima, na mpaka leo sijaona diploma inayoizidi.