Nilipofutwa Kwenye Picha ya Familia

Katika studio moja pale Emali, wifi yangu aligusa uso wangu kwenye kompyuta. "Fundi, mtoe huyu. Hajafunga harusi kanisani, mama hawezi kumtundika ukutani."

Fundi akabonyeza, nikafutika, mwanangu akabaki hewani bila mikono ya kumshika. Programu ile hurudisha kitendo kimoja tu, cha mwisho, na akigusa kingine nimekwisha!

"Bonyeza Control na Z! Sasa hivi!" nikamwambia fundi.

Nikarudi pichani. Wifi akafyonya. "Nani amekufunza?"

"Nimengoja hapa tangu asubuhi nikitazama vidole vya fundi."

Kisha nikanyoosha mkono mwenyewe, nikabonyeza Control na S, picha ikahifadhiwa nikiwemo. Wake wenzangu, msingoje nje kwenye benchi. Kaeni karibu na kibodi.