Beji za Kijerumani Nilizozisugua kwa Majivu

Chumba cha nyuma cha Babu Ewald kilinukia kama kiganja cha mtu aliyeshika sarafu tangu asubuhi. Ilikuwa harufu ya shaba, ya bati na ya karatasi kuukuu, na kwa mbali harufu ya nta aliyopaka droo zake ili ziteleze bila kelele. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hicho kilikuwa kiangazi chetu cha pili Buffalo, Amerika. Mama alikuwa amepata kazi ya kumtunza mzee huyo, kumpikia, kumfulia na kumkumbusha vidonge vyake, katika nyumba iliyokuwa mitaa michache tu kutoka kwetu Lower West Side. Baba alifia katika kambi ya wakimbizi Kigoma nikiwa bado nanyonya, shule ilikuwa imefungwa, na sikuwa na wa kuachiwa. Basi nilikwenda na Mama kila siku, nikiwa nimeonywa mlangoni kwa Kirundi na kwa Kiswahili, nisije nikadai sikuelewa, kwamba nisiguse kitu cha watu. Siku ya tatu mzee mwenyewe ndiye aliyeniita nije niguse.

Alihitaji macho. Yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati, kiasi kwamba aliniona vizuri zaidi alipotazama ukuta. Katika droo zake kulikuwa na beji zaidi ya mia mbili, zote za matukio ya Kijerumani ya zamani: sikukuu za kwaya, mashindano ya viungo, siku za kulenga shabaha, maonyesho ya ng'ombe, michango ya maua kwa ajili ya mayatima. Nyingine zilikuwa za bati jepesi kama kifuniko cha soda, nyingine za shaba nzito zenye utepe uliofifia, chache za kauri. Mtu alilipa kiingilio au alichangia, akapewa beji, akaivaa kifuani siku hiyo moja, kisha akaitupa. Babu Ewald alifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Lackawanna maisha yake yote, na kila siku ya mapumziko aliitumia kutafuta vitu ambavyo wenyewe walishavitupa. Mama alimwona kama mtu ambaye Mungu alimpa akili nyingi na wajukuu wachache.

Vuli ikifika angehamia Columbus, kwa binti yake aliyeishi mtaa wa Clintonville. Nyumba ya huyo binti ilikuwa ndogo na subira yake ilikuwa ndogo zaidi. Alikwisha kusema kwamba vyuma hivyo ama vichukuliwe na makumbusho fulani ya mtaa kule Columbus, ama vitauzwa uani pamoja na viti. Makumbusho walikubali kumtuma mtu kuja kuviona, kwa sharti moja: kila beji iwe katika hali yake ya asili na iwe na kadi yake. Ndiyo kazi tuliyoifanya kiangazi kile. Nilivaa glavu za pamba zilizonifika karibu na viwiko, nikashika beji pembeni, nikamsomea zile herufi za kale zenye miiba mpaka tukapata mji na tukio. Kisha nikaandika kadi kwa penseli: imetengenezwa kwa nini, pini iko au haiko, imekunjwa wapi, ina ufa gani. Alisisitiza kasoro kuliko uzuri. Nikisema beji fulani ni nzuri, alikohoa na kuniambia nzuri si habari. Mama alikuwa akitupitia na ndoo yake anasema, "Mali bila daftari huisha bila habari," na nikimtafsiria mzee, anacheka mpaka meno yake ya bandia yanahama.

Mkebe mmoja hatukuufungua pamoja mpaka Mama alipokuwepo. Mzee alitaka mtu mzima awe karibu. Ndani kulikuwa na beji za mikutano ya Wanazi, zikiwa na alama yao, na kadi zake alikuwa ameziandika mwenyewe zamani, macho yakiwa mazima, bila kuficha kitu. Alisema hawezi kuzipamba, lakini akizitupa atakuwa amewasaidia wale wanaosema maovu yale hayakutokea. Mama alizitazama kwa muda, mkono mmoja umeshika kiuno. "Na kwetu Burundi walianza hivihivi," alisema. "Kwa kuvaa." Nilipomtafsiria, mzee aliitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo alianza kumwita Mama kwa jina lake.

Beji moja haikuwa na droo. Ilikaa katika sahani ndogo karibu na redio, ya shaba, yenye kinubi na majani pembeni, ya sikukuu ya kwaya. Baba yake ndiye aliyeivaa kabla ya kuvuka kuja Amerika, na aliendelea kuivaa kila alipoimba kanisani. Alikuwa mwoga wa watu, na kila kabla ya kufungua mdomo aliisugua kwa kidole gumba. Pale kwenye kinubi kulikuwa na shimo dogo laini, la rangi ya asali, na kuzunguka shimo hilo shaba ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi. Babu Ewald alipokuwa akifikiri, kidole chake kilikwenda palepale. Mimi niliona beji chafu iliyokwanguka katikati.

Hapo ndipo inanibidi nieleze jinsi tulivyolelewa. Kambini hatukuwa na kitu, na kwa sababu hatukuwa na kitu, kile kidogo tulichokuwa nacho kiling'aa. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka mtu ajione meno. Msichana alipimwa kwa sufuria zake. Jirani akipita na kuona masizi, habari zilifika bombani kabla yako. Na mgeni akitarajiwa, kila kitu cha chuma kilitolewa nje kuoshwa, hata kile ambacho mgeni hatakiona. Mzee hakuwahi kunikataza kuzisugua beji zake, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na mtu ambaye ingebidi amkataze jambo hilo.

Mtu wa makumbusho alitazamiwa Jumamosi. Ijumaa baada ya chakula cha mchana mzee alilala kidogo, Mama akaenda kuleta dawa zake, na mimi nikaona huruma. Kweli nilimwonea huruma. Nilijiambia kwamba kipofu hajui vitu vyake vimechafuka kiasi gani, na kesho mgeni atamcheka. Nikachota majivu kutoka kwenye jiko la kuchomea nyama kule uani, nikakata malimau mawili ya Mama, nikachukua dodoki la chuma, nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Nilifanya thelathini na moja. Nyeusi ilitoka kwa urahisi, rangi za nembo zikatoka nazo, zile zilizopakwa fedha zikawa nyekundu, nami nikadhani ndiyo sura yake ya kweli. Nikazipanga juu ya taulo juani. Ya mwisho ilikuwa ile ya kinubi. Niliisugua kuliko zote, kwa mapenzi, mpaka lile shimo na vilivyolizunguka vikawa rangi moja, na mchoro wa kinubi ukabaki kivuli tu.

Mzee alitoka akifuata harufu ya limau. Akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia kwa furaha, nikamwekea ile ya baba yake kiganjani. Kidole gumba kilikwenda mahali pake. Kikazunguka. Kikarudi. Nilingoja asifu. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeosha ngapi?" Nikamtajia. Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake polepole sana, na huo upole ndio ulionifanya niweke dodoki chini.

Mama aliporudi alielewa kwa kuangalia taulo. Sikupigwa. Ningependelea kupigwa. Alikaa kwenye ngazi pembeni yangu, akaokota ile ya kinubi, akasema, "Yule mzee alikuwa amebaki na baba yake hapa. Umemfuta." Kisha akaniambia niende nikaoge, kwani tuna safari ya kwa mzee wa kanisa.

Kwetu mtu hajiendei peke yake kuomba msamaha wa jambo zito. Anatafuta mtu wa kumsemea, na mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo Jumamosi saa mbili asubuhi tulisimama kwenye baraza la Babu Ewald watu watatu tumevaa nguo za Jumapili: Mama na kitenge chake cha harusi za watu, mimi na soksi nyeupe, na mzee Bahati, Mkongo wa Uvira aliyekuwa mzee wa kanisa letu, amebeba kreti ya Fanta begani. Babu Ewald alifungua akiwa na nguo za kulalia. Alidhani kuna mtu amekufa.

Tuliketi. Mzee Bahati alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani. "Bon, mzee. Leo tuko wageni yako. Huyu mutoto alikosa, na mutoto akikosa, ni nyumba yote ilikosa. Iko na mikono ya mbio kupita akili. Lakini roho yake haikuwa mubaya, donc tumekuja juu ya kuomba musamaha." Akanigeukia. Hakukuwa na mwingine wa kutafsiri. Hiyo ndiyo adhabu ya watoto wa wakimbizi, kuwa mshtakiwa na karani wa mahakama hapohapo. Nikamwambia mzee kwa Kiingereza, "Anasema samahani."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo," Babu Ewald akajibu. "Nipe yote."

Nikampa yote, pamoja na mikono ya mbio kupita akili, nikilia kati ya neno na neno. Alisikiliza akitazama ukuta, yaani alikuwa akinitazama mimi. Kisha akaomba chupa ya Fanta. Mama akamfungulia, akanywa nusu, ya moto vile ilivyokuwa, na mzee Bahati akashusha pumzi, maana kwetu anayekunywa kinywaji chako amekwisha kukubali. Babu hakulijua hilo. Mpaka leo sijui kama angekunywa angelijua. Alichosema ni hiki: "Sina hasira na wewe. Lakini sitakudanganya kwamba haikuniuma. Lete kadi."

Alitaka ziandikwe upya, zote thelathini na moja, kabla mgeni hajafika. Nilimwomba tuziweke tu pembeni, zisionekane. Akasema beji iliyofichiwa kasoro ni uongo wenye pini, na kwamba kama aliweza kuandika kweli juu ya ule mkebe, ataandika kweli juu ya mtoto. Nikaandika alivyonisomea: imesuguliwa kwa majivu, limau na dodoki la chuma, Buffalo, na Goreth, miaka kumi na mmoja, aliyetaka ipendeze. Maneno mawili ya mwisho nilimwomba tusiyaweke. Akasema hayo ni habari.

Mwanamke mmoja mwembamba wa makumbusho alifika saa nne, akakuta kitenge, koti na kreti ya soda, akawa na adabu ya kutouliza. Alisoma kadi kwa saa mbili. Alizichukua zote ambazo hazikusuguliwa, pamoja na ule mkebe, akisema hajawahi kuona kumbukumbu zilizoandikwa kwa ukweli namna hiyo. Thelathini na moja alizirudisha mezani, na ile ya kinubi ikiwa miongoni mwazo. Babu Ewald hakubishana. Vuli ilipofika alihamia Clintonville, na siku ya kuondoka alimpa Mama kreti tupu ya Fanta ikiwa na beji hizo ndani, zimefungwa moja moja kwa karatasi. Nilidhani ananipa msalaba wangu niubebe. Sasa naona kwamba hakuwa na mtu mwingine aliyejua habari za baba yake na kile kidole gumba.

Leo naishi Louisville, nasimamia zamu katika ghala la vifurushi, na simu yangu ina picha za mwanangu zaidi ya elfu nne, nyingi akiwa anakula. Hatuna tena shida ya kumbukumbu. Tuna shida ya kupata nafasi ya kuziangalia. Kambini hatukuwa na picha hata moja. Beji zimeanza kuwa nyeusi tena zenyewe, taratibu, kama shaba inavyofanya ikiachwa, lakini kinubi kimejaa weusi sawasawa kila mahali, na hakuna ajuaye kwamba pale palikuwa na kidole cha mtu. Babu Ewald alifariki miaka miwili baada ya kuhama. Maji yakimwagika hayazoleki, nami sijaribu kuyazoa.

Mwezi uliopita mwanangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha kila siku, kwa nini tunatunza vitu vya babu wa watu, na vya babu yake mwenyewe viko wapi. Nilimwambia hakuacha kitu. Akasema, hata habari? Nikatafuta kadi, nikaandika jina la baba, kilima alikozaliwa kule Burundi, na kambi alimofia, kisha nikakwama. Ilikuwa mistari mitatu. Nikampigia Mama Buffalo, akiwa jikoni, nikamuuliza baba alikuwa akifanya nini na mikono yake alipoona haya. Nilimsikia akizima jiko.

"Alikuwa akivuta sikio la kushoto," alisema. "Hasa akitaka kunidanganya. Mbona hujawahi kuniuliza?"

Nina miaka thelathini na minne. Niliandika, na mkono wangu haukuwa wa mbio hata kidogo, jambo la kwanza nililowahi kujua kuhusu mikono ya baba yangu.