Ameenda Magharibi

Kiangazi cha mwaka 1887 kilifika mapema katika mji wa Colne, na Thirza Holroyd, aliyekuwa na miaka tisa, alikikumbuka maisha yake yote, kwa kuwa ndicho kilichomrudisha baba yake. Jabez Holroyd alikuwa ametumikia jeshi miaka kumi na miwili, minane kati ya hiyo huko Bara Hindi. Alipoondoka alimwacha binti yake angali ananyonya. Aliporudi alikuwa amekonda, rangi yake ya manjano kwa homa, na hakuleta zawadi. Alileta maneno.

Kila asubuhi aliwekewa kiti mlangoni aote jua. Akiwa hapo aliita, "Thirza, niletee roti," na mama mtu akajibu kutoka jikoni, "Sema mkate, Jabez! Hapa si Bara Hindi." Mtoto alicheka mpaka akashika mbavu. Alitaka kulijua kila neno, na alitaka kujua limetoka wapi. Kwa nini askari waliita nchi yao Blaiti? Baba akamweleza kwamba wenyeji wa kule waliita kitu chochote cha Kiingereza bilayati, nao askari walilitafuna neno hilo mpaka likabaki Blaiti. Jabez hakujua zaidi ya hapo. Lakini neno hilo mzizi wake ni Arabuni, na tawi lake jingine lilitua katika pwani yetu, nasi tukalitamka Ulaya.

"Na Dulali, baba?"

"Dulali ni kambi, mwanangu. Ukimaliza muda wako wanakupeleka pale ungoje meli ya kurudi kwenu. Sasa meli haiji mpaka majira yake. Kazi huna, vita huna, una jua tu. Nilikuwa na rafiki yangu, Seth. Kila asubuhi alifunga mizigo yake, kila jioni akaifungua. Miezi mitano! Siku meli ilipofika hakuijua ni kitu gani. Basi mtu akirukwa na akili, sisi tunasema huyo kashikwa na Dulali."

"Kumbe ni kungoja tu?"

"Kungoja tu. Usicheke."

Shule ya Jumapili ilikuwa imempa Thirza daftari kwa kukariri zaburi vizuri. Alilipiga mistari, akaweka sehemu tatu: neno, maana yake, na lilikotoka. Jabez alikufa Februari iliyofuata, na daftari lilikuwa limejaa kurasa kumi na moja.

Alipotimiza miaka kumi Thirza aliingia kiwandani kwa nusu siku, na baadaye kwa siku nzima, kama walivyofanya wasichana wote wa mtaa. Alisimamia mitambo minne ya kufuma. Kelele za mitambo mia nane chini ya paa moja humeza sauti ya mtu kama bahari imezavyo jiwe, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo. Mtu aliyatamka maneno yake polepole, bila sauti, mdomo ukifunguka sana, na mwenzake wa upande wa pili wa ukumbi akayasoma yote. Kwa njia hiyo waliposana, walichumbiana, walisengenyana. Mwanamke aliyesimama jirani na Thirza kwa zaidi ya miaka ishirini aliitwa Leah Ormerod. Leah alisoma maandishi kwa shida, lakini kwa midomo hapakuwa na mtu wa kumshinda. Aliweza kumwiga msimamizi huku ametazama uzi wake, na Thirza akakata nyuzi kwa kicheko.

Leah alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Wilfred. Kaka yake, Amos, alikuwa amehamia Fall River, mji wa viwanda vya pamba kule Amerika, ambako watu wa Colne walikuwa wengi kama mchanga. Mtu akifukuzwa kazi, au akigombana na mkewe, jirani zake hawakuuliza yuko wapi. Walidhani amevuka bahari kwenda Fall River. Wilf alianza kuomba aende kwa mjomba tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Leah alimkatalia. Kisha vita vikaja, vikamchukua bila kuomba ruhusa.

Ndipo daftari la Thirza lilipopata kazi. Vijana wa mtaa waliandika barua zilizojaa lugha ya kambini, na mama zao wakazileta kwake mikononi zimekunjwa.

"Thirza, mwanangu anasema kapata Blaiti. Ni ugonjwa gani huo, jamani? Unaambukiza?"

"Weka maji jikoni, mama! Ni jeraha la kumrudisha nyumbani."

"Jeraha! Nawe unacheka?"

"Mguu umevunjika, lakini mwenye mguu anakuja."

Wanawake walicheka na kulia pamoja. Kila neno jipya alilitafutia asili yake. Jumapili alasiri alikwenda kituo cha garimoshi, akakaa na majeruhi waliokuwa njiani, akawapa tumbaku na kuwauliza. Mmoja wao, kijana asiye na mkono wa kushoto, alimfundisha mwezi wa Aprili 1915 kwamba askari hawasemi fulani kafa. Husema ameenda magharibi. Thirza aliuliza sababu. Kijana akasema yeye alisikia kwamba zamani za mababu, wafungwa wa London walipandishwa mkokoteni na kupelekwa upande wa magharibi wa mji, penye mti wa kunyongea. Mwenzake akabisha: "Si hivyo, ni jua tu. Jua linakwenda wapi likizama?" Thirza aliyaandika yote mawili, akatia tarehe, na pembeni akaongeza: haijathibitika.

Mwezi Julai 1916 Leah alipokea karatasi ya jeshi iliyosema kwamba Wilfred Ormerod hajulikani alipo tangu tarehe mosi. Kwa siku kadhaa alifuma bila kuinua uso. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, viwanda vilipofungwa saa sita, viatu vyake vya mbao vilisikika vikikimbia juu ya mawe ya barabara, naye akaingia kwa Thirza bila kubisha hodi.

"Barua! Ya Clem Hargreaves, rafiki yake Wilf. Nisomee, macho yangu hayatulii."

Thirza akasoma kwa sauti. "Mama Ormerod, naandika kwa haraka. Wilf wetu ameenda magharibi ile Jumamosi asubuhi. Nilikuwa karibu naye. Hakupata taabu yoyote. Nitakuja kukueleza nikipata likizo."

Alipoinua uso ili aseme, Leah alikuwa amekwisha kufunga mlango na kuuegemea. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya msichana.

"Ameenda kwa Amos," alinong'ona. "Fall River! Ametoroka, mjinga yule, ametoroka! Hakupata taabu, yaani hawakumshika. Thirza, shoga yangu, usimwambie mtu. Wakimpata watampiga risasi. Lakini niambie wewe, wewe unayajua maneno yao. Ndiyo maana yake, sivyo?"

Daftari lilikuwa ndani ya saraka, hatua mbili kutoka pale. Birika lilianza kulia, na hakuna aliyelitoa motoni. Thirza aliutazama mdomo wa rafiki yake, mdomo alioujua kuliko wake mwenyewe, akauona unatetemeka kwa furaha.

"Ndivyo," alisema. "Ameenda Amerika."

Alikusudia kumwachia Jumapili moja tu. Jumatatu angemweleza. Lakini Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mitambo ilipoanza kunguruma, Leah alikuwa anaimba kwa midomo, wimbo mzima, aya baada ya aya. Thirza akajisemea moyoni kwamba atangoja Clem aje, maana Clem alishuhudia. Clem aliuawa mwezi Septemba.

Baada ya hapo hapakuwa na siku iliyofaa. Amos aliandika kutoka Fall River kwamba yeye hajamwona kijana, na Leah akatabasamu: "Amos si mtoto. Anajua barua zinafunguliwa." Jeshi likaleta karatasi ya pili kwamba Wilfred Ormerod ahesabiwe kuwa amekufa. Leah aliiweka chini ya kopo la mkate. Hakuvaa nguo nyeusi, hakutia sahihi popote. Vita vilipokwisha alisema sasa Wilf ataweza kurudi, ila anaogopa. Kila mwaka, katika juma la mapumziko ambalo mji mzima ulikwenda pwani kula na kucheza, Leah alipanda garimoshi hadi Liverpool. Alisimama gatini kutwa, kwa siku sita, akitazama abiria wa meli za Amerika wakishuka. Mkononi alikuwa na koti la Wilf, maana kijana aliondoka wakati wa joto, na bahari ina baridi.

Watoto wa mtaa walijua. Alipokatiza uwanjani walimfuata wakigonga makopo.

"Dulali! Dulali! Meli imefika, bibi?"

Neno walilisikia kwa askari waliorudi, hawakujua wametaja nini. Thirza, aliyejua, aliwatokea na fagio, akawapiga miguuni huku analia, na watoto wakashangaa, kwani alikuwa mtu mpole.

Mwaka 1921 kanisa la Wamethodisti liliamua kuchonga jiwe lenye majina ya vijana wake. Mchungaji Entwistle alimjia Thirza na kofia mkononi.

"Dada Holroyd, majina ishirini na sita yamekwisha kuandikwa. Bado moja. Mama yake ananifukuza mlangoni kila nikienda. Wewe atakusikiliza."

Thirza alikwenda jioni ile ile. Hakukaa. Alisema kwamba kwenda magharibi ni kufa, kwamba Wilf alikufa Jumamosi ile asubuhi, na kwamba Clem alikuwa akijaribu kumwambia kwa upole.

Leah hakupiga kelele. "Nani kakwambia?"

"Ni neno la askari, Leah. Lote hilo ni neno la askari."

"Mbona ulisema vingine? Mwenye daftari ni wewe. Nenda kalilete."

Akalileta. Leah alilifungua mwenyewe chini ya taa, akapitisha kidole juu ya maandishi, mstari kwa mstari, akisoma kwa midomo bila sauti kama walivyozoea. Alikuta neno. Alikuta maana. Kidole kikasogea hadi kwenye tarehe, kikasimama pale.

"Aprili, mwaka wa kumi na tano," alisema. "Wilf alikuwa bado yu hapa. Alikuwa akila pai ya viazi kwenye kiti hicho." Kisha akasema, "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Niliposimama pale mlangoni, ulijua."

"Nilitaka nikupe Jumapili moja tu."

"Miaka mitano, Thirza. Nimesimama gatini na koti. Watoto wananiita Dulali, wewe unawafukuza na fagio, na mimi nilikuwa nasema, hata nikikosa vyote, nina rafiki." Alilifunga daftari, akalisukuma upande wa pili wa meza. "Mwambie mchungaji aandike jina."

Jumatatu Leah aliwahi kiwandani. Mitambo ilipoanza, Thirza aligeuka kumtazama, akaona mgongo. Leah alikuwa amejipanga upya, akawa anaifikia mitambo yake kutoka upande wa pili, kwa tabu, ili uso wake usielekee kwa jirani yake. Mahali ambapo watu husema kwa midomo, mtu akikugeuzia mgongo amekwisha kukuzika. Thirza aliutazama mgongo ule, shali ya kijivu na fundo la nywele lililozidi kuwa jeupe, kwa miaka mitatu kasoro miezi. Mara mbili aliugusa. Haukugeuka.

Leah aliugua kifua baada ya Krismasi ya mwaka 1923. Hakumtaka Thirza ndani, kwa hiyo Thirza alisimama nje, kwenye theluji, akamtazama kupitia dirisha la chini. Kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu na moto. Thirza alitamka kwa midomo, polepole, mdomo ukifunguka sana: nisamehe. Leah alimwona. Alisoma neno lote, hilo halina shaka, maana macho yake hayakuondoka mpaka likaisha. Thirza akangoja. Leah akavuta shuka taratibu, akaufunika mdomo wake. Akafa siku ya nne.

Thirza aliendelea kufuma mpaka kiwanda kilipofungwa wakati wa shida ya pamba. Hakuna aliyemletea neno tena, na yeye hakuuliza. Jumanne, tarehe kumi Novemba 1931, alikwenda kwenye maktaba ya mji akiwa amevaa nguo za kanisani, akamwomba mtumishi wa pale wino na kalamu. Alilifungua daftari katika ukurasa wa Aprili 1915. Chini ya maana ile ya kwanza aliandika: "Pia, kwenda Amerika. Lilikotoka: kwangu mimi, T. Holroyd, jikoni kwangu, Julai 1916. Si kweli." Alingoja wino ukauke, akalikabidhi daftari, akatia sahihi kwenye kitabu cha vitu vilivyopokewa, akatoka.