Siku Mama Aliposimama Mstari Mwingine

Enzi zetu Buhongwa ilikuwa kijiji, na mjini Mwanza tulikwenda kwa nadra, tumepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, tukitafunia karanga, kisha tukaenda shule kwa miguu, ng'ambo ya mto. Njiani tulicheza rede kwa mpira wa makaratasi, tukafika tumechafuka kuliko wachimba visima. Watoto wa leo wakisikia basi la shule limeharibika wanarudi kulala, wanadhani ni sikukuu.

Lakini mvua zikizidi mto ulijaa, na shule ikaishia hapo. Dada yetu mkubwa, Kwandu, alikosa masomo mengi hadi akakaririshwa darasa. Baba akasema inatosha, abaki nyumbani alee wadogo zake. Kwandu hakulia mbele yetu. Alianza tu kuamka kabla ya wote, akakaa uani kutuangalia tukifunga vitabu kwenye mifuko ya plastiki.

Baadaye ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji. Wagombea walikuwa wawili. Mzee Masanja, rafiki wa baba tangu ujana, alitaka uwanja wa katikati ya kijiji ubaki malisho. Mama Kabula, mjane aliyeuza dagaa sokoni, alitaka pajengwe madarasa, hata kama ni mawili ya kuanzia. Baba alikuwa na ng'ombe, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mjadala. Tulijua tuko upande gani.

Siku zile kura haikuwa siri. Wagombea walisimama uwanjani na kila mtu akajipanga nyuma ya anayemtaka. Sisi watoto tulipanda juu ya mawe makubwa, tukawa tunaona vichwa vyote. Baba alikuwa mbele kabisa, nyuma ya Mzee Masanja. Mama akampita, khanga ameifunga kiunoni, akaenda kusimama nyuma ya Mama Kabula. Kisha mwanamke mwingine akatoka kwenye mstari wa mumewe, na mwingine tena.

Mama Kabula alishinda. Wengine walipiga vigelegele. Sisi tulirudi nyumbani nyuma ya wazazi waliotembea kila mmoja upande wake wa njia. Tulipofika, baba akasema mkewe amemwaibisha mbele ya kijiji, kwamba watu watamcheka mpaka anaingia kaburini. Mama alikuwa akisonga ugali. Mwiko hakuuacha.

"Baba Kwandu," alisema kwa upole, "kijiji kizima kinatuita kwa jina la huyu mtoto. Mimi leo nimesimama kwa ajili yake."

Kwa siku kadhaa baba aliongea na ng'ombe wake zaidi kuliko na sisi. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kujenga madarasa ulipoanza, na akina mama wakawa wanabeba mawe kichwani, asubuhi moja aliwafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akaenda kuleta mchanga. Hakumwambia mtu. Mzee Masanja naye, baada ya kununa kidogo, akaja na mkokoteni wake. Madarasa yalipoezekwa, Kwandu alirudi shule, akakaa dawati moja na watoto aliowazidi kimo, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Leo Buhongwa ni mji. Kura inapigwa kwa siri, na nadhani ndoa nyingi zimepona. Ila mkutano wa mtaa ukiitishwa viti vinabaki vitupu. Tunasubiri kusoma kwenye simu yaliyoamuliwa, halafu tunalalamika huko huko kwenye simu. Ile shule sasa ina ukuta, geti na madarasa ya ghorofa yaliyojengwa na watu tusiowajua.

Juzi nilipita hapo na mwanangu wa mwisho. Akanyoosha kidole kwenye yale madarasa mawili ya zamani, akauliza nani aliyajenga. Nikamwambia ni babu na bibi yake, na majirani.

"Kumbe walikuwa wakandarasi?" akaniuliza.